Msiifunike Kompyuta Ikiwa Macho

Ninyi wenzangu mnaopenda kufunika vitu, nisomeni mpaka mwisho. Kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, ndoo ya maji ina kitambaa, hata rimoti inaishi ndani ya mfuko wa nailoni. Kwa hiyo kompyuta ya binti yangu nayo niliifumia vazi lake, la uzi mweupe na maua ya buluu, linaloanzia juu ya kioo na kushuka mgongoni. Nilijua adui ni vumbi.

Kompyuta yenyewe ni kuukuu, ya sanduku na kioo cha mezani. Ikiwashwa inavuma taratibu, kama mtu anayeimba huku akiwaza mambo mengine. Aliileta kaka yangu, fundi wa televisheni, nasi tukaiita Babu.

Siku ile binti alikuwa anachora humo tangu asubuhi. Ndege, kundi zima, wakiinuka kutoka majini. Chuo cha uchoraji kilitaka picha moja tu, itumwe kwa mtandao kabla jua halijazama, kisha mlango unafungwa mpaka mwaka mwingine. Mwaka uliopita alikosa nafasi. Tangu hapo nilimwona anapungua, anakula kama anayeonja chumvi.

Alasiri, jua limelala sakafuni na nyumba imetulia mpaka nasikia saa ya ukutani, akaita, "Mama!"

Kioo kilikuwa cheusi kama kisima. Babu anavuma vilevile, taa ndogo ya kioo inawaka, lakini ndege hakuna hata mmoja.

"Ndiyo kwanza nimemaliza," akasema. "Sijaihifadhi, Mama. Sijaipa hata jina."

Mimi kitu chochote cha umeme kikisumbua dawa yangu ni moja: nachomoa, nasubiri, nachomeka. Nikainama, mkono ukafika kwenye plagi.

"Mama, usiguse! Ukichomoa imepotea yote!"

Nikabaki nimeinama, waya mkononi, sivuti wala siachii. Binti ndiye aliyenibandua vidole, kimoja kimoja, halafu akampigia mjomba wake.

Kaka aliingia na mkoba wake, mdomo umemtangulia. "Habari za msiba? Babu amekata roho?"

"Mjomba, usitanie."

"Sitanii, napima." Akabonyeza kitufe cha herufi kubwa. Kwenye kibodi taa ndogo ikawaka. Akabonyeza tena, ikazimika. "Umeona? Ukimkonyeza, anakukonyeza. Sanduku liko macho."

Akakaza waya unaotoka kwenye sanduku kwenda kwenye kioo, huku na huku. Giza. Akazima kioo peke yake, akakiwasha. Kufumba na kufumbua, ndege wote wakaruka mbele yetu, weupe, maji yanadondoka mbawani. Kisha giza tena. Nilidhani nimeota, ila binti naye alikuwa ameshika mdomo.

"Picha ipo," kaka akasema. "Kilichokufa ni taa za nyuma ya kioo. Ndizo zinazoimulika. Sasa picha imekaa gizani, inatungoja." Akapitisha mkono nyuma, akashtuka. "Dada, hii nini?"

"Vazi lake."

"Lina joto kama limetoka kwenye pasi! Mgonjwa ana homa, wewe unamvalisha sweta? Matundu ya kupumulia yote umeyaziba!"

Nikalivua mbio. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimelivuta lifike chini kabisa, vumbi lisimharibie mwanangu siku yake.

"Kioo kingine huna, Mjomba?" binti akauliza.

"Kipo dukani. Mpaka niende nirudi, jua limeshazama. Fungeni mapazia. Dada, lete tochi."

Nikasimama kando ya meza, mwanga nimeulaza ubavuni mwa kioo kama alivyonielekeza. Na pale, kwenye weusi, wakaanza kutokea. Bawa. Shingo. Rangi zao zimefifia, kama wamelala chini ya maji na mimi nawachungulia kutoka ukingoni. Mkono ukisogea kidogo tu wanazama, nikiurudisha wanapanda.

"Kushoto, Mama. Shusha. Hapohapo."

Kidirisha kikaelea juu ya ndege, kinauliza jina. Akaandika. Kikatoweka. Ukaja ukurasa wa chuo, kijivu juu ya kijivu. Mapazia yalikuwa yanageuka rangi ya chungwa. Bega langu liliwaka moto, sikubadilisha mkono. Hata kaka hakutania.

Mwisho likaja neno moja. Nilisogeza tochi, nikalisoma mwenyewe, herufi kwa herufi: Imepokelewa.

Binti akaegemeza kichwa kwenye mkono wangu uleule. "Zima sasa, Mama."

"Ngoja. Nirudishie ndege kidogo."

Akawarudisha, tukawaangalia sote watatu.

Jibu la chuo bado tunalisubiri. Lakini usiku ule alikula sahani nzima, akaomba kuongezewa.

Basi wenzangu, mashine ikiwaka iacheni wazi ipumue. Na kioo kikiingia giza ghafla, mikono mbali na plagi. Konyezeni kwanza, leteni tochi. Lile vazi nimelifua, sasa linafunika ndoo. Kioo kipya alicholeta kaka kiko uchi, nami kila nikipita hapo mikono naifunga nyuma.