Marekebisho ya Clarrie Noonan

Mvua ya Julai ilipiga bati la kibanda cha mtangazaji tangu asubuhi, na Clarrie Noonan akatangaza mbio zote za farasi bila kujikwaa. Watu wa mji mdogo wa Bindaroo walikuwa na msemo: kamera itakudanganya, Clarrie hakudanganyi. Msemo huo aliupenda kuliko ilivyofaa. Alipokosea, maana nani hakosei, alikuwa na neno lake moja: "Marekebisho!" Kisha anamtaja farasi aliye sahihi na kuendelea, na watu majukwaani wanamcheka kwa mapenzi. Neno hilo ndilo lililomjengea jina. Mtu anayejisahihisha papo hapo, mbele ya wote, utamtilia shaka kwa lipi?

Kwenye mbio za mwisho za msimu, neno lenyewe likamkwama kooni.

Bibi mmoja mwenye mashamba alikuwa na farasi wawili katika mbio hizo, na wapandaji wao wote wawili walivaa jezi yake ya kijani. Kilichowatofautisha ni kofia tu. Denny Vukas alivaa nyekundu, Shayla Crothers nyeupe. Kwenye kona ya mbali, mvua na matope kitu kimoja, Clarrie akaona jezi ya kijani inakata ndani ghafla mbele ya mpandaji mwingine, Keith Oram. Keith akaruka juu ya shingo ya farasi wake na kupotea. Jicho halijafika kwenye kofia, ulimi ukawa umeshafika.

"Denny Vukas amekata ndani! Denny amemwangusha Keith!"

Kwa nini Denny? Kwa sababu Denny ndiye wa kudhaniwa. Pua yake imepinda, maneno yake ni ya kukwaruza, na enzi za ujana wake alifungiwa kwa ukorofi mpaka waamuzi wakachoka kumwona. Shayla ana umri mdogo na tabasamu la kwenye kalenda. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Farasi walipoingia sehemu ya mwisho iliyonyooka, kofia nyekundu ilikuwa kule nje, mbali kabisa na ukingo wa ndani. Nyeupe ndiyo iliyokuwa ndani. Clarrie aliiona kwenye darubini waziwazi. Akavuta pumzi aseme neno lake. Farasi wakafika kwenye nguzo ya kumalizia, gari la wagonjwa likaingia uwanjani likipiga king'ora, na pumzi ile akaimeza.

Waamuzi waliwaita wapandaji. Kamera ya kona ya mbali ilikuwa imerekodi mvua tupu. Na wapanda farasi wana mwiko wao, wa tangu babu zao: mbele ya mwamuzi, mwenzako humtaji. Denny akasema, "Sikuona kitu, bwana. Ilikuwa mvua." Shayla, uso mweupe kama unga, akasema hivyo hivyo. Hata Keith, mtulinga umevunjika, amelazwa kwenye machela, alisema alichokiona ni matope tu. Waamuzi wakaandika ajali, wakaenda zao kunywa chai. Lakini uwanja mzima ulikuwa umeshasikia vipaza sauti.

Na jioni hiyo hiyo ndiyo ya kumchagua mpanda farasi bora wa mwaka.

Wajumbe wanne wa kamati walikaa kwenye chumba cha chai, pai za nyama zimepoa mezani. Beryl Hanrahan, mwenyekiti, alikaa na sufu yake ya kufuma. Trev Mudge, mwenye bucha, alikuwa upande wa Shayla tangu mwanzo. Anthea Loukas, daktari wa farasi, alikuwa upande wa Denny. Wa nne ni Clarrie.

"Shayla katuletea makombe matatu makubwa," Trev alisema. "Matatu! Huyo Denny wenu kaleta nini? Kikohozi?"

"Denny analetewa farasi wabovu na anashinda nao," Anthea akajibu. "Farasi ninaowafunga bandeji mimi, Trev. Wewe ungewauza kwa kilo."

"Wengine ningewakataa hata kwa kilo."

Beryl akacheka, kisha akaweka sindano chini. "Jamani, mimi asubuhi nilikuwa upande wa Denny. Anastaafu leo, mgongo umemkatalia, na medali hii hajawahi kuigusa maisha yake. Nilisema safari hii apate. Lakini kile cha leo? Keith ana wajukuu."

"Waamuzi hawakumtia hatiani," Anthea alisema.

"Waamuzi walikuwa wanatazama mvua. Clarrie alikuwa anatazama mbio." Beryl akamgeukia. "Si ndiyo, Clarrie?"

Clarrie alikuwa ameshika pai ambayo hakuwa ameiuma. Roho ilikuwa inamsuta tangu aliposhuka ngazi za kibanda, ikimwambia sema, sema sasa, ni watu watatu tu na birika la chai.

"Kura yangu," alisema, "ningependa kumpa Denny."

Trev alipiga meza. "Mzee wangu! Si wewe uliyemtangaza? Umemwona kwa macho yako anamwangusha mtu, halafu umvishe medali? Au unataka kutuambia ulikosea?"

Mlango ulikuwa wazi hivyo, mpana kama lango la zizi. Kuingia tu. Clarrie akawatazama: Beryl aliyemsikiliza tangu akiwa msichana, Anthea aliyeinamisha kichwa akisubiri kama mtu anayesubiri mnyama asimame. Huyu Anthea alikuwa anamwombea awe amekosea. Clarrie aliliona hilo.

"Mimi?" alisema. "Kukosea?"

Wakacheka. Trev alicheka mpaka akapaliwa. Clarrie naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomuumiza kuliko yote, kwa sababu kilitoka vizuri.

"Basi," akasema. "Shayla."

Anthea peke yake hakunyoosha mkono.

Kutangaza mshindi ilikuwa kazi ya mtangazaji, kama kila mwaka. Clarrie alisimama chini ya turubai na kulisoma jina kwa sauti ile ile iliyopendwa. Watu wakapiga vigelegele na miluzi. Shayla akaja kuchukua medali akiwa hainui macho, na baba yake akambeba juu kama mtoto. Watu wakasema tazama alivyo na haya, binti wa watu.

Clarrie aliporudi, Denny alikuwa akingoja chini ya ngazi za kibanda, tandiko begani.

"Denny," Clarrie alianza. "Ile kona..."

"Ilikuwa mvua, mzee," Denny akamkatiza. "Hakuna aliyeona kitu."

Hakulisema kwa kejeli. Alilisema alivyowaambia waamuzi, alivyomsetiri Shayla, na sasa alikuwa anamsetiri yeye. Akampiga bega mara moja akaelekea maegesho. Clarrie alibaki na aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Mwiko ule ni wa wapanda farasi. Wao wana ruhusa ya kutoona. Yeye kazi yake yote ni kuona.

Akapanda ngazi mbio, goti linalia. Kule chini watu walikuwa bado hawajaondoka, wanakunja viti, wanakamua makoti. Akabonyeza swichi.

"Marekebisho!"

Uwanja mzima ukasimama. Vichwa viligeuka juu, na tayari vilikuwa vinatabasamu, kwa sababu neno lile walilizoea na kulipenda. Beryl alikinga macho kwa mkono. Shayla, medali shingoni, alikuwa ameganda mikononi mwa baba yake, na hata kwa mbali Clarrie aliona kuwa anajua linalokuja, na pengine analitaka.

Clarrie akainamia maikrofoni. Alimwona kila mtu anayemwamini, kwa mara moja, wote wakimtazama.

"Marekebisho," akarudia. "Yaani... tangazo. Kuna pikapu nyeupe kwenye maegesho. Imeachwa taa zinawaka."

Watu wakacheka, wakarudi kwenye viti vyao. "Mzee kachoka," mtu alisema. Baba yake Shayla akamshusha chini.

Kwenye maegesho kulikuwa na pikapu nyeupe moja tu. Ilikuwa ya Denny, naye alikuwa ameshafungua mlango. Akaweka tandiko chini kwenye matope, akazunguka mbele ya gari na kuinama kutazama taa.

Zilikuwa zimezimwa.

Akainuka taratibu, mkono kiunoni kwenye mgongo mbovu, akageuza uso kukitazama kibanda. Alisimama hivyo kwenye mvua muda mrefu, kofia nyekundu bado kichwani, na safari hii Clarrie hakuhitaji darubini. Akanyoosha mkono akazima maikrofoni.