Chumba cha Kupoa

Meza iligoma kupita mlangoni. Wapagazi wawili waliilaza ubavu, wakaisimamisha kama mlevi anayerudishwa kwake, wakaisukuma, wakakwangua rangi ya fremu, wakaishusha tena. Mwalimu aliyeajiriwa kuwa mkuu mpya wa kitengo cha watoto wadogo alisimama pembeni na mkoba begani. Alikuwa anaona haya kidogo, maana meza ile ilikuwa yake na hakuwa ameiomba.

Mwishowe aliwaambia wang'oe miguu. Wakaing'oa, ikaingia.

Ndani, msaidizi wa darasa ambaye shule nzima ilimwita Shangazi alikuwa anakunja zulia. Mito alikwishaitupa nje, na pazia zito la dirishani alikwishalitungua, jua likaingia na kuonyesha vumbi lote. Mwalimu alipouliza chumba hiki kilikuwa cha nini, Shangazi alijibu bila kuinua kichwa kwamba kilikuwa chumba cha kupoa. Mtoto akizidiwa, alikuja hapa akalala kwenye zulia, giza likamtuliza, kisha akarudi darasani. Hakuna aliyemwita wala kumhoji.

"Na sasa watakwenda wapi?"

"Hilo ndilo na mimi nilitaka kukuuliza, Mkuu," alisema Shangazi, akalibeba zulia na kutoka.

Ilikuwa shule ya watoto wanaojifunza kwa njia zao. Wengine herufi ziliwageukia machoni, wengine hesabu ziliwaponyoka kama sabuni iliyolowa, wengine hawakuweza kukaa kitako, na wengine kelele ziliwaingia kichwani kama misumari. Karibu wote walikuwa wamefukuzwa shule nyingine kwa jina la uvivu au la utundu. Bi Mkubwa, mwenye shule, aliianza sebuleni kwake kwa ajili ya mjukuu wake. Wakaja wa jirani, wakaja wa mbali, hadi ikahamia jengo hili la kupanga, ubavuni mwa karakana ya mageti ya chuma, kwa kuwa hapo ndipo kodi ilipokuwa inashikika.

Kisha idara ya elimu ikasema shule isiyo na uongozi si shule. Kila kitengo lazima kiwe na mkuu, kila mkuu awe na ofisi, na ofisi iwe na mlango, meza na kibao. Vibao Bi Mkubwa alivichongesha, wakuu wawili akawaajiri, lakini vyumba hakuna aliyempa. Kitengo cha wakubwa kilipata kiongozi mrefu, mpole, ambaye wanafunzi walimwita Mnara kabla hata ya mapumziko ya kwanza. Yeye alipewa chumba cha useremala. Randa, misumeno na viti ambavyo havijamalizika vilirundikwa chini ya ngazi.

"Tumekata pua kuunga wajihi," Bi Mkubwa alimwambia mwalimu asubuhi ile, akimfungia kibao mlangoni kwa mkono wake mwenyewe. "Mkaguzi anakuja leo. Akiona kila kitu mahali pake, mtathibitishwa nyote wawili. Vumilia, mwanangu."

Mwalimu alikuwa tayari kuvumilia. Kiwanda alichofanyia kazi mumewe kilikuwa kimefungwa, na nyumbani walikuwa wameanza kula mkate ambao kila wiki ulipungua kimo huku bei yake ikirefuka. Cheo hiki kingewapumzisha. Lakini si hilo tu lililomleta. Kitindamimba wa kwao, mdogo wake wa mwisho, alichapwa miaka mizima kwa kuandika herufi kinyumenyume, hadi siku moja akaacha sare kitandani, imekunjwa vizuri, akaenda kubeba zege. Mwalimu alikuwa chuoni wakati huo, anasomea kufundisha. Alipoona tangazo la shule hii aliomba kazi bila hata kuuliza mshahara.

Akaketi nyuma ya meza. Akapanga kalamu. Akajiona kama mtu aliyekalia kiti cha mgonjwa.

Mkaguzi alifika wakati watoto wanarudi madarasani. Gari lake liliingia hadi uani, maana dereva hakutaka kuliacha juani. Alianza na vyoo, akaenda jikoni, akaingia ofisi ya Mnara na kuridhika. Alikuwa anavuka ua kuelekea kitengo cha wadogo pale karakana ilipowasha mashine ya kukatia vyuma.

Sauti ile ilipasua hewa. Mwalimu, aliyekuwa amesimama kumpokea mgeni, alimwona msichana mdogo akichomoka darasani, viganja vimeziba masikio, mabega yamepanda hadi shingoni. Kinda, ndivyo walivyomwita. Alikimbia bila kuangalia, kama anayeijua njia kwa miguu, akafika mlangoni, akasimama. Aliitazama meza. Akamtazama mwalimu, mwanamke asiyemjua, nyuma ya meza. Akageuka na kutokomea.

Mwalimu alitoka mbio nyuma yake. Shangazi alikwenda upande wa vyoo, Mnara akaenda getini. Dereva, ambaye kivuli kilikuwa kimemkimbia, alikuwa amewasha gari ili alirudishe nyuma hadi ukutani. Mwalimu aliona kiatu kimoja cha kitambaa kando ya tairi.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima gari, kuna mtoto chini!"

Dereva alizima. Mikono yake ilibaki juu ya usukani, haitaki kushuka.

Kinda alikuwa amejikunja kati ya magurudumu ya nyuma, mahali pekee pa giza katika ua mzima. Bi Mkubwa alifika anahema, mkaguzi nyuma yake. Mtu mmoja alisema avutwe mguu. Mwalimu alikataa kwa kichwa. Alilala kifudifudi mchangani na gauni lake jipya, shavu chini, akanyamaza. Hakumbembeleza wala hakumwita. Mashine ilipiga, ikapiga, kisha ikakata ilichokuwa inakata, ikazima.

Baada ya muda mtoto alifungua jicho moja.

"Zulia liko wapi?" aliuliza.

Mwalimu alimwambia kwamba zulia lipo, na kwamba wanakwenda kulitandika sasa hivi.

Alipoinuka, mkaguzi alikuwa anamtazama kwa uso wa mtu aliyeshtuka na asiyetaka ijulikane. Aliuliza mtoto wa namna hii anafanya nini shuleni. Mwalimu alijibu kwamba anajifunza, na kwamba asubuhi hii hii wamemnyang'anya chumba ili mgeni aone meza.

Bi Mkubwa alimvuta kando kwa kiwiko. "Mwanangu, subiri kidogo tu," alinong'ona. "Aione ofisi, aondoke. Jioni tutarudisha zulia, nani atajua?"

Lilikuwa shauri la busara, na mwalimu alilipima kwa haki. Alimfikiria mumewe, aliyemnyooshea gauni lile asubuhi. Alijua kabisa kwamba mtu mwenye akili angesubiri. Lakini ng'ambo ya ukuta mafundi walikuwa wanapanga chuma kingine, na Kinda alikuwa amesimama katikati ya ua, mchanga kwenye nywele, anangoja alichoahidiwa.

"Bibi, nisamehe," alisema. "Mtoto nimeshamwambia 'sasa hivi'."

Aliingia, akashika upande mmoja wa meza. Shangazi, bila kuambiwa, akashika wa pili. Miguu ilichomolewa upya, meza ikatolewa hadi barazani. Zulia likarudi, mito ikarudi, na pazia likapanda mahali pake wakati mashine inawaka kwa mara ya pili. Kinda alipita katikati yao kana kwamba hawapo, akalala.

Mkaguzi aliandika akiwa amesimama. Hakuwa mtu mkali. Alieleza kwa upole kwamba kitengo cha wadogo hakina ofisi, na kisicho na ofisi hakina mkuu. Kitengo cha wakubwa kitatambuliwa kama shule. Hawa wadogo watahesabiwa kituo cha kulelea watoto, na mwalimu atabaki mwalimu wa kawaida.

"Umeona mwenyewe chumba kile ni cha nini," mwalimu alimwambia.

"Nimeona. Lakini karatasi yangu haina mahali pa kuandika hilo." Alifunga kalamu. "Sheria sikuitunga mimi, Madamu. Mimi nakagua tu."

Gari lilipotoka, dereva aliliendesha polepole mno, akichungulia kila upande. Bi Mkubwa alikwenda mlangoni, akakifungua kibao, akakipangusa kwa upindo wa nguo yake na kukitia mfukoni.

Mnara alimletea maji ya kunywa. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, magoti yamefika kifuani.

"Umejiharibia," alisema.

"Huenda."

"Mimi nina wanne nyumbani." Alitazama chini ya ngazi, kwenye viti vya wanafunzi wake. "Nisingeweza."

Mwalimu alimwambia hakuna aliyemtaka aweze. Wakanywa maji, kila mmoja na lake moyoni.

Wazazi walianza kuja jua lilipopungua ukali. Baba yake Kinda alifika wa mwisho, kofia ya kazi mkononi, saruji kwenye kope. Alikuwa amesikia kwamba wadogo wamepata kiongozi mpya, naye alikuwa na jambo: mtoto wake siku hizi hataki kula shuleni, na hajui amweleze nani. Akamuuliza mwanamke mwenye gauni chafu aliyeketi barazani, nyuma ya meza iliyolala chini bila miguu.

"Samahani, dada. Nimeambiwa kuna mkuu mpya. Nitampata wapi?"

Mwalimu alikung'uta mchanga uliobaki kwenye gauni.

"Mkuu hajathibitishwa," alisema. Akainuka, akampa kiti chake, yeye akaketi ukingoni mwa baraza. "Lakini nieleze mimi. Anakataa kula tangu lini?"