Kamati Yamnusa Bi Rula

Bi Rula alifundisha hesabu. Wanafunzi walimpachika jina hilo kwa sababu alichora mstari ubaoni kwa mkono mtupu, ukanyooka kama uliopigwa kwa rula. Miaka miwili iliyopita mistari ikaanza kupinda. Miguu ikafuata, ikawa inapishana kama isiyojuana. Ulimi nao ukaona aibu kubaki nyuma, ukawa mzito.

Daktari alimwambia sehemu ya ubongo inayoongoza mizani ya mwili ilikuwa inanyauka polepole. Ugonjwa wa nadra, wa kurithi, usio na tiba. Mkuu wa shule, ambaye hakusomea udaktari, alipata jibu jepesi zaidi: pombe.

Bi Rula akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Mkuu msaidizi alimsogelea, akamnusa mdomo kama anayekagua maziwa yaliyochacha.

"Unasikia harufu gani?" mkuu akauliza.

"Dawa ya meno, Mkuu."

"Mjanja huyu! Kapiga mswaki."

Bi Rula akatoa barua ya daktari. Mkuu alilikabili jina la ugonjwa mara tatu, likamshinda mara tatu.

"Hapa wanasema ni nadra. Sasa kama ni nadra, Mwalimu, wewe umeutoa wapi?"

"Kwa baba." Alisema taratibu, akisubiri kila neno limtii. "Alikuwa mtunza stoo wa shule hii. Hakuonja pombe maisha yake yote. Mlimfukuza kwa ulevi. Barua ya kumfukuza aliiandika karani wa wakati ule. Wewe, Mkuu."

Mkuu msaidizi akaanza kuchunguza kucha zake. Mkuu alikohoa, akanywa maji, akakohoa tena. Alifungua kinywa, na safari hii ulimi mzito ulikuwa wake.

Baada ya wiki barua ikaja. Kamati, "kwa moyo wa huruma", ilikuwa imemsamehe Bi Rula ugonjwa wake, ikimwonya asirudie tena. Kuhusu baba, kimya.

Bi Rula alicheka hadi akashika meza asianguke. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaisahihisha barua hiyo. Mkono ulimtetemeka, mistari ikaenda upogo, lakini kila kosa alilipata. Chini akaandika: "Mbili juu ya kumi. Hujajibu swali la baba." Akaibandika kwenye ubao wa matangazo wa walimu.

Hakuna aliyethubutu kuibandua. Siku hizi anafundisha akiwa ameketi, wanafunzi ndio wanaochora mistari ubaoni, naye anawafokea kwa ulimi wake mzito: "Umepinda huo! Futa!"