Kivuli cha Mpiga Jeki

Mwaka wa elfu mbili na kumi na saba, kiangazi kikiwa katika mwezi wake wa nne, Mshonaji alifika kazini, kwenye timu ya mbio za magari, saa moja asubuhi, akaketi juu ya tairi kuukuu, akaanza kukaza mifuko ya barafu ya fulana ya Dereva. Fulana ile aliishona mwenyewe. Ilikuwa na mifuko ishirini na minne: kumi kifuani, kumi mgongoni na minne shingoni, na kila mfuko ulipokea kipande kimoja cha barafu chenye ukubwa wa kiberiti. Mashine ya barafu ilikuwa ndani ya kibanda chenye kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Meneja. Mlangoni palibandikwa utaratibu: barafu ni ya Dereva, ya breki na ya wageni waheshimiwa. Mafundi tisa waliobadilisha matairi hawakutajwa. Wao walivaa mavazi ya kuzuia moto yenye tabaka tatu, wakasimama juani na helmeti kichwani, wakanywa maji ya pipa yaliyokuwa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Gari la mashindano lilikuwa na feni tatu za kulipoza. Mafundi hawakuwa na hata moja.

Meneja alipopita, Mshonaji alimwuliza swali alilomwuliza kila siku ya mashindano tangu mwaka uliotangulia.

"Umeiandika upya?"

"Bado, mama."

Swali lilihusu ripoti ya kurasa mbili. Kiangazi kilichopita, mume wa Mshonaji, aliyekuwa mpiga jeki wa timu ile kwa miaka kumi na mmoja, aliliinua gari mara nne, akalishusha mara nne, kisha akalala kifudifudi palepale juu ya alama ya jeki iliyochorwa sarujini, asiamke. Ripoti ilisema: "Marehemu alizembea kunywa maji." Mshonaji hakuomba kingine chochote isipokuwa sentensi ile ifutwe. Siku ile alimjazia mumewe chupa ya bati ya kijani mara mbili kwa mikono yake, na mara ya pili aliijaza hadi shingoni. Mwili ulirudishwa nyumbani pamoja na viatu, glavu na saa. Chupa haikuonekana.

Saa tatu na dakika kumi, kivuli cha mumewe kilikuja kazini.

Kilipita langoni peke yake, bila mwili wa mtu, kikatambaa kando ya ukuta, kikasimama juu ya alama ya jeki kama alivyozoea kusimama mwenyewe: mguu wa kushoto mbele, mabega yameinama kidogo. Saruji iliyokuwa chini yake ikalowa umande. Mlinzi wa lango aliandika saa katika daftari la mahudhurio, kama alivyowaandikia wengine.

Shemeji yake Mshonaji, mdogo wa marehemu, ambaye sasa ndiye aliyepiga jeki, alikitazama kivuli kile toka kisigino hadi utosi.

"Amechelewa," alisema. "Hata alipokuwa hai alikuwa wa mwisho kuvaa glavu."

"Na wewe wa kwanza kuvua," alijibu Mshonaji. "Sogea, usimkanyage kaka yako."

"Nisogee wapi, shemeji? Mahali pa kazi ni hapa. Tutabanana, kama tulivyobanana kitanda kimoja utotoni. Ila akianza mateke yake nitamrudishia."

Akaingia ndani ya kivuli, na jasho la shingoni mwake likakauka. Akawaita wenzake. Kadiri jua lilivyopanda na vivuli vya nguzo vilivyonywea, kile kilitanuka, hata ilipofika saa sita mafundi wote tisa walikuwa wamesimama ndani yake na mavazi yao yote mwilini. Fundi wa tairi la nyuma, mnene kuliko wote, alilalamika kwamba magoti yake hayapatani na baridi.

Meneja alikuja na futi ya kupimia. Kivuli kilikuwa na urefu wa mita nane na upana wa mita tano. Aliviandika vipimo vyote viwili.

"Alikufa akiwa amevaa sare yetu," alisema. "Kwa hiyo kivuli ni mali ya timu. Wageni wanaungua kule hemani. Leteni viti."

Viti vyeupe kumi na viwili vililetwa, wageni wakaketi, mafundi wakaamriwa kutoka. Kivuli kilijikunja taratibu, kama mtu akunjaye mkeka wake akaondoka bila kuaga, kikahamia hatua kumi kando. Mafundi wakakifuata. Wageni wakabaki juani na bilauri zao. Viti vikahamishwa, kivuli nacho kikahama. Mara ya tatu, mama mmoja miongoni mwa wageni aliuliza kama hakiwezi kufungwa kamba.

"Mama," Meneja alimwambia Mshonaji, "zungumza na mumeo."

"Nimwambie nini? Miaka kumi na mmoja alisimama hapo, hukumletea hata kigoda. Leo unamletea viti kumi na viwili, na hata kimoja si chake."

"Nitakuondoa kazini."

"Niondoe. Sindano hii hapa. Mbio zinaanza saa nane, na mifuko minne ya shingoni bado haijafungwa. Keti ushone."

Meneja aliitazama sindano, akaitazama saa yake, akaenda zake. Ili kuwatuliza wageni, aliifungua mashine, akazoa barafu yote iliyobaki, akaipeleka hemani kwa ndoo.

Mbio zilianza saa nane kamili. Gari lilipoingia mara ya tatu kubadilishwa matairi, barafu ya fulana ilikuwa imekwisha kuwa maji ya moto, na kibandani hapakuwa na kipande cha kubadilishia. Dereva hakuweza tena kukunja vidole kwenye usukani. Macho yalikuwa mekundu, na maneno yalimtoka vipande vipande. Shemeji aliliinua gari kwa jeki. Kivuli kiliinama pamoja naye, kikaingia dirishani, kikamfunika Dereva kutoka helmeti hadi kiunoni kwa muda wa sekunde tisa. Pumzi yake ikatoka kama mvuke wa asubuhi. Vidole vikakunjika. Kisha kivuli kikanyoosha mkono mbele ya uso wake, kiganja juu, kikangoja.

"Anadai," alisema shemeji, akalishusha gari.

Dereva alimaliza wa nne. Hakwenda kupigwa picha. Alikwenda moja kwa moja kwenye begi lake, akarudi na chupa ya bati ya kijani yenye kitanzi cha uzi mweusi, uzi uleule wa kushonea fulana.

"Mama, alinipa yeye," alisema. "Siku ile mrija wangu wa maji ya kunywa ulikatika. Nilipoingia mara ya tatu nilimwambia nakufa, akanipitishia hii dirishani. Ilikuwa haijaguswa."

"Nilijua imekwenda mahali."

"Niliogopa kusema."

"Hilo nalo nilijua, mwanangu. Sasa sema, kwa yule anayepaswa kusikia."

Walikwenda pamoja hemani, na Dereva akasema yote mbele ya wageni, bila kuruka neno. Meneja alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Alisema kwamba habari ile inasikitisha, lakini ripoti ilikwisha kufungwa, na ripoti iliyofungwa haifunguliwi kwa sababu ya chupa. Kuhusu barafu, aliongeza, utaratibu utabaki kama ulivyo, hasa kwa kuwa mafundi sasa wana kivuli.

Mshonaji hakulia. Alichukua chaki ya kuandikia matairi, akapiga magoti penye alama ya jeki, akaandika kwa herufi za darasani, zilizosimama wima: MAJI YAKE ALIMPA DEREVA. Akaweka nukta. Meneja akaamuru paoshwe. Palipooshwa, Mshonaji akaandika tena. Mfagiaji alipaosha mara mbili. Mara ya tatu alisema ufagio umevunjika, ingawa kila mtu aliuona mkononi mwake ukiwa mzima.

"Siku ya mashindano ijayo nitakuuliza tena," Mshonaji alimwambia Meneja.

"Nitakujibu vilevile, mama."

"Nami nitaandika vilevile."

Dereva alikuwa bado hemani. Aliichovya chupa katika ndoo ya barafu ya wageni, katikati ya vinywaji vyao, akaijaza maji baridi hadi shingoni, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Akarudi nayo kwa mikono miwili, akachuchumaa kando ya maandishi, akaiweka juu ya kiganja cha kivuli. Chupa ikainama yenyewe. Saruji ikameza funda la kwanza, kisha la pili. Mshonaji aliyahesabu mafunda yote kwa sauti, moja baada ya jingine, Meneja akiwa amesimama palepale na kusikia, mpaka Dereva alipoinua chupa tupu.