Zamu ya Wembe Kusimulia

Watu walimwita Wembe, na si kwa ubaya. Mkono wake ulikuwa mwepesi hivi kwamba siku moja nzi alitua kichwani mwa mteja kupumzika, akaruka akiwa kipara. Asiyeamini akamuulize nzi.

Ila mkono mwepesi una ndugu yake, nao ni mwili usiotulia. Kinyozi huyu alikula amesimama, alisali huku akipangusa meza, na msimu wa Krismasi ndio uliomtia wazimu kabisa, maana hapo kila mwenye nywele hukumbuka kwamba anazo. Mkewe alivumilia weee, mwaka huu akakata shauri. Kila jioni ya juma la Krismasi televisheni inazimwa, familia inakaa sebuleni, na mmoja wao anasimulia habari za kuzaliwa kwa Yesu kwa kinywa chake mwenyewe. Kisha wanaomba.

"Krismasi yetu imekuwa ya nguo na viatu," alisema. "Mwenye sikukuu hata hatumkaribishi."

Jioni ya kwanza Wembe hakutokea. Iliyofuata alifika watu wanasema amina. Ndipo binti yake mkubwa, mwenye ulimi mwepesi kama mkono wa baba, alipotangaza: "Kesho ni zamu ya baba. Asipokaa yeye, na mimi sikai tena. Mungu gani huyu wa mama na bibi tu?"

Maneno hayo yalimkuta Wembe mlangoni, anavua viatu. Alijua binti huyo akiondoka, wadogo zake watamfuata kama vifaranga, na ibada itabaki ya mama na kuta zake.

Basi ikawa mkesha wa Krismasi. Foleni kibandani kwake ilikuwa ndefu hata mmoja aliyekuja kunyoa ndevu nyeusi alifikiwa na zamu yake zikiwa na mvi. Kitini alikuwa kiongozi wa kwaya, mtu wa besi nzito, ambaye kesho yake angesimama mbele ya kanisa zima. Wembe alikuwa amemaliza upande wa kulia alipotazama nje akaona jua limeshalegea.

"Nakuja sasa hivi!" akasema, akachomoka.

"Wembe! Na kichwa changu je?"

"Kishikilie!"

Kiongozi wa kwaya angefanya nini? Akamfuata mbio, kitambaa cha kinyozi kikipepea mgongoni kama joho la askofu.

Nyumbani walikuwa wameshakaa: mke, mama mkwe, binti na wadogo zake.

"Shikamoo, mama," Wembe akamwamkia mkwewe, akihema.

"Marahaba. Leo jua limechomoza wapi?" Kisha bibi akamwona mgeni. "Karibu, baba. Hicho kichwa umekileta kwa mafungu?"

"Kwa mafungu, mama. La pili anadaiwa mkweo."

Wadogo wakaangua kicheko. Mama yao akakohoa, kikakatika. Wembe akaketi ukingoni mwa kigoda, kisigino kikipiga sakafu.

"Haya. Kaisari akataka watu waandikwe. Yusufu na Mariamu wakashika njia mpaka Bethlehemu, nyumba ya wageni imejaa, wachungaji wakaona malaika, wakaja mbio, mamajusi nao wakafuata nyota, wakatoa dhahabu, uvumba, manemane, wakarudi kwao. Tuombe."

Alikuwa ameshainuka nusu.

"Baba," binti akasema.

"Naam."

"Mtoto hajazaliwa."

"Mtoto gani?"

"Yesu. Wageni wote umewaleta, mwenyewe hajazaliwa."

"Sasa ile dhahabu walimpa nani?" akauliza kitinda mimba.

Wembe alikuwa na mzaha kwa kila kichwa kilichowahi kukaa kitini pake. Safari hii akageuka upande wa mkewe. Mkewe alikuwa anatazama viganja vyake mwenyewe, wala hakuonekana mwenye hasira. Hilo ndilo lililomchoma.

Nje mmoja wa wateja waliomfuata akapiga mluzi. "Wembeee! Sikukuu itukute na misitu kichwani?"

Magoti yakasikia kabla ya masikio; yakainuka. Binti naye akasimama, akaelekea mlangoni.

Huyo anakwenda, Wembe akajiambia.

Akajibwaga mkekani, akaikalia miguu yake kama mtu aliyefunga mbuzi wawili watoro.

"Nafasi haikuwapo," akauambia mgongo wa binti yake. "Basi Mariamu akajifungua huko huko wanakolala wanyama. Akamzaa mwanawe wa kwanza, akamvika nguo za kitoto, akamlaza horini, ng'ombe wanamolia majani." "Nimewahi kunyoa kichwa cha mtoto mchanga. Kile hakitaki haraka. Utosini hapo panadunda, unaona uhai unapiga kabisa chini ya ngozi. Mkono wangu huu ulikwenda polepole. Sasa huyu... Mungu mwenyewe, na utosi unadunda namna ile. Mtu yeyote angeweza kumuumiza. Akaja hivyo hivyo."

"Wembe! Tunaondoka!"

Binti alikuwa ameshika komeo. Akatoa kichwa nje. "Ondokeni au subirini, shauri yenu. Baba anasimulia."

Akafunga mlango, akarudi, akajipenyeza kati ya wadogo zake. Kiongozi wa kwaya naye akakalia kigoda kilichoachwa wazi.

"Endelea," binti akasema. "Wachungaji. Na usiwakimbize."

Wembe akaendelea. Chini ya mapaja, vidole vya miguu yake vilikuwa bado vinacheza.