Penseli ya Kiti cha Nyuma

Rubani alivuka uzio wa kiwanja cha ndege akiwa bado na ovaroli yake, jasho limemkaukia mgongoni, akaenda moja kwa moja hadi kwenye nyumba ya Penseli. Jina hilo walimpachika wanafunzi wa ndege za kivita. Mwalimu huyo hakukosa penseli sikioni, na mwanafunzi aliyechezachezea wenzo wa nguvu ya injini katikati ya safari alichapwa nayo vidoleni wakishatua. "Weka, ngoja, soma!" alifoka Mwalimu kutoka kiti cha nyuma cha ndege. Rubani alimchukia kwelikweli, hata akawaandikia wakubwa barua ya malalamiko.

Sasa Penseli amestaafu. Alikuwa kibarazani, feni mbovu mapajani.

"Mbona umepauka hivyo, binti?"

"Shikamoo, Mwalimu. Nimetua sasa hivi, na nusura nisitue."

"Marahaba. Kaa, useme."

Akakaa, akasema. Alipokuwa akirudi kambini ukungu uliziba kiwanja chao, mnara wa kuongozea ndege ukamwelekeza hapa chuoni alikosomea, kilomita mia tatu mbele. Mafuta yalikuwa ya kuungaunga. Moyo ukamwenda mbio na mkono nao ukataka mbio: sukuma wenzo, ufike kabla tangi halijakauka! Ndivyo woga unavyoshauri, na woga hausomi kipimo cha mafuta. Alipougusa tu ule wenzo, vidole vikamuuma palepale palipochapwa miaka tisa iliyopita.

Basi akapanda juu zaidi, kwenye hewa nyepesi ambako injini hunywa kidogo. Huko akarudisha wenzo nyuma hadi mizunguko ya injini ikashuka kufikia asilimia themanini na tano, kisha akausweka mkono chini ya paja kama mtoto aliyekatazwa kudokoa. Akangoja. Mwendo ulipungua taratibu mpaka ukatulia. Akasoma mafuta yanayotumika kwa dakika, akasoma umbali uliobaki, na hesabu ikakubali kwa mbinde. Dakika ishirini na tano nzima hakuugusa tena ule wenzo, ingawa kila dakika aliutamani.

"Nina watoto wawili, Mwalimu. Leo watanikuta hai kwa sababu yako. Nimekuja kukushukuru. Na ile barua ya malalamiko... niliiandika mimi."

"Najua. Nani mwingine angejaza kurasa nne kwa ajili ya vidole viwili?"

Rubani akainamisha kichwa kwa aibu. Penseli akaiweka feni chini.

"Ulitua na mafuta kiasi gani?"

"Ya dakika sita."

Mzee akaichomoa penseli sikioni, akamchapa vidoleni, taratibu.

"Ungerudisha wenzo mapema, zingekuwa kumi."

Rubani akacheka huku machozi yakimtiririka, akamnyooshea na mkono wa pili.