Amos wa Keziah, Amos wa Josiah

"Jaza Josiah hapo kwenye fomu, weka sahihi, tumalize."

"Siweki."

"Mstari mmoja tu, jamani!"

"Hata ungekuwa nukta. Huyo Josiah ndiye nani? Nimewahi kukuhadithia habari za Josiah hata siku moja?"

"Wewe nyumba unaitaka au huitaki?"

"Naitaka. Lakini siyo kwa kumpa babu yangu baba wa kuazima."

Brett akaitupa kalamu mezani, ikabiringika ikagonga sahani ya tosti, ikaanguka chini. Bibi yake, Doreen, miaka themanini na moja, nyonga moja ya chuma, akaiangalia tu. Saa nne na nusu walitakiwa ofisi ya wakfu. Saa tatu ilishapita.

Nyumba yenyewe ni namba nne, katika zile sita za matofali mekundu nyuma ya kanisa la mji wa Wainthorpe. Ilikuwa tupu tangu Pasaka. Wakfu wa Dame Orrell unawapa wazee wa mji nyumba hizo, na wanaotangulizwa ni wazao wa watoto maskini ambao zamani wakfu uliwalipia mafundi wawafundishe kazi. Babu yake Doreen, Amos Cottam, alikuwa mmoja wao. Walimtoa nyumba ya mafukara, ambako maskini walivunja mawe ili wapate mkate, wakampeleka kwa fundi viatu, akashona viatu mpaka kufa kwake. Na Doreen alikuwa anaishi ghorofa ya tatu, ngazi arobaini na moja, lifti hakuna. Tangu mwaka uanze alitoka mara mbili, na mara zote mbili alibebwa na watu wa gari la wagonjwa.

"Kazi rahisi," Brett alisema mwanzoni. "Nakwenda mjini Lincoln, kwenye hifadhi ya nyaraka, nalitafuta jina, narudi." Yeye ni fundi wa mapaa. Shule aliitoroka akiwa na miaka kumi na sita, na toka hapo hajamaliza kitabu. Alidhani nyaraka ni kama stoo ya vigae, unaitisha unapewa.

Akapewa kweli. Kitabu cha nyumba ya mafukara: Amos Cottam, miaka sita, kaletwa na mama yake Keziah, hana mume. Mtoto kanyolewa, kavishwa nguo za nyumba. Wiki ya pili mama katoka kutafuta kazi. Ilikuwa ile ile hadithi ya Bibi, mpaka kunyolewa. Kitabu cha wakfu: Amos Cottam, miaka kumi na miwili, kwa fundi viatu. Brett nusura apige mluzi mle ndani. Akasoma mstari wa chini yake. Mwana wa Josiah Cottam, mfyatua matofali.

Baba? Baba katoka wapi?

Akavamia vitabu vya kanisa. Amos wa Josiah kabatizwa, vizuri. Amos wa Josiah kazikwa, miaka kumi na mmoja, homa. Miezi mitatu kabla ya kwenda kwa fundi! Akatoka nje, akampigia bibi yake simu.

"Bibi, babu yako alikufa mtoto."

"Alinibeba mgongoni mpaka sokoni, mjinga wee. Kwa hiyo mimi ni mjukuu wa maiti?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi rudi ukasome tena, safari hii ufungue macho."

Brett akachora mishale nyuma ya risiti ya misumari, akafuta, akachora upya. Josiah na Keziah walikuwa kaka na dada, na kila mmoja alimpa mwanawe jina la baba yao. Sawa. Sasa nani kazikwa, nani kashona viatu? Siku ya tatu mama wa nyaraka, aliyechoka kumsikia akitukana chini chini, akamfungulia ukurasa wa kwanza wa kitabu cha wakfu.

"Anzia hapa, mwanangu. Nyote mnaruka kanuni."

Kanuni ya pili: mtoto aliyekula mkate wa nyumba ya mafukara, wakfu haumsaidii.

Brett akakaa. Yaani Josiah alimzika wake, akaenda kumtoa mpwa wake kule ndani, akamsimamisha mbele ya wakfu kwa jina lile lile na kusema huyu ni wangu. Au ndivyo yeye Brett alivyodhani, maana hakuna palipoandikwa. Na alifanya kwa huruma, au alitaka tu Amos mwingine wa kujazia kitanda? Akarudi kwenye kitabu cha mafukara kutafuta siku mtoto alipotolewa, na mwaka mmoja baada ya siku hiyo akakuta mstari mmoja: Keziah Cottam kafika getini kumwulizia mwanawe. Kaambiwa hayupo.

Hilo ndilo kosa lake, kumsomea Bibi mstari ule. Toka siku hiyo Bibi hataki kusikia la Josiah.

Walifika saa tano kasoro. Kushuka ngazi pekee kuliwachukua dakika ishirini na tano, Bibi akishusha mguu mmoja mmoja na kumtukana Brett kila wanapopumzika. Bwana Stennett, katibu wa wakfu, akawapokea mlangoni, akasikiliza kisa chote, akajikuna kichwa.

"Kanuni ya mkate tuliifuta zamani, Mama Doreen. Hiyo isikutishe. Lakini fomu lazima ilingane na kitabu chetu, na kitabu kinasema Josiah."

"Andika Keziah pembeni."

"Kitabu cha mwaka 1886? Siwezi. Andika wewe Josiah hapa, mimi nigonge muhuri, kesho uchukue ufunguo. Kuna mama mwingine anaingoja, na karatasi zake zimenyooka."

"Babu yangu alikufa akijua mama yake hakurudi," Doreen akasema. "Na alirudi. Mlangoni wakamwambia hayupo. Sasa na mimi niandike hayupo?"

Stennett akamtazama Brett. Brett akatazama fomu. Alitaka kusema Bibi ana haki, alitaka kusema Bibi ana wazimu, na vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja. Na huyo Josiah je? Bila uongo wake, babu angekufa anavunja mawe. Naye hastahili hata mstari?

"Bibi," akasema. "Ngazi arobaini na moja."

"Nazijua. Nimezishuka sasa hivi."

"Nikuandikie mimi? Wewe usitazame."

"Andika ukitaka. Lakini utakwenda kulala humo mwenyewe."

Akakamata kitembezi chake, ile fremu ya kutembelea, akakigeuza taratibu pale kwenye kokoto za mlangoni, akaenda zake kuelekea barabarani.